Funika, Aliyetufikishia Samaki na Maziwa Vikiwa Baridi

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi wateja mliofunga milango yenu mkaja, asanteni. Tunayemsindikiza ni yule mliyemwita Funika. Hata mama yake mzazi aliishia kumwita hivyo, basi nasi tutamwita hivyo hivyo.

Funika alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na tanuri la mikate. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Mama yake alisema alizaliwa mahali pa joto, akatumia maisha yake yote kulikimbia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Hesabu alizipenda. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye matope, na haukubadilika mpaka mwisho. Sekondari alikaa miaka miwili, baba akafariki, akaenda kujifunza ufundi wa majokofu. Mwaka 1980 aliajiriwa kwenye chumba cha baridi cha bucha kubwa, akabaki humo miaka kumi na mitano.

Langoni mwa bucha hiyo alisimama dada mmoja akiuza maziwa ya mgando kwenye ndoo. Funika alipotoka kwenda kula, alisimama mbele yake.

"Dada, funika hiyo ndoo."

"Nikifunika, wateja wataona nini?"

"Wataona kesho, wakirudi."

"Haya, Bwana Funika, nunua basi, usinizibie wateja."

Jina likaanzia hapo. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa binti, kisha mvulana.

Mwaka 1996 wakaanza kazi yao wenyewe: samaki, nyama na maziwa, kutoka kwa muuzaji hadi mlangoni kwako. Siku ya kwanza waliharibu. Waligandisha chupa za maji ya chumvi ili baridi iwe kali, wakayapanga maziwa katikati yake. Maziwa yakafika yakiwa mawe, na yalipoyeyuka yakakatika. Funika alirudi nyumba moja baada ya nyingine na maziwa mengine. "Jana niliwaletea baridi," alisema, "leo nimewaletea maziwa." Tangu hapo samaki walikaa chini wakikumbatiwa na barafu, kisha magazeti makavu, na maziwa juu.

Mnaijua desturi yake. Hakufungua kasha la barafu mpaka mwenye nyumba atoke na chombo mkononi. Mmoja wenu, naye yupo hapa, alimwambia, "Funika, fungua bwana, tuone kama samaki ni wazima." Akajibu, "Mama, lete sufuria kwanza. Baridi haina adabu, ikitoka haiagi na hairudi." Alipotaniwa kwamba samaki mmoja akioza wote huoza, alisema waliotunga methali hiyo hawakuwa na barafu.

Mwezi Februari 2023 alianza kusumbuliwa na tumbo. Ikagundulika ni saratani ya kongosho. Wako waliosema ni barafu imemwingia mwilini. Daktari alisema si barafu. Mkewe alimuuliza mara mbili, daktari akajibu vile vile mara mbili. Katika miezi ya ugonjwa, mkewe ndiye aliyeendesha pikipiki ya magurudumu matatu, na mgonjwa alisikiliza kutoka kitandani namna makasha yanavyofungwa. Kifuniko kikigonga vibaya, aliita, "Hicho hakijakaa!"

Funika alifariki hospitalini asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, binti yake akiwa kando yake.

Kuhusu asubuhi hiyo yamesemwa mengi, kwa hiyo familia inaona heri iyaseme yenyewe.

Simu ilipopigwa, mkewe alikuwa nyumbani, amemaliza kufunga kasha la mwisho. Alisikiliza, akasema "haya", akaweka simu juu ya meza, akaifuta meza. Kaka mkubwa wa marehemu alifika na kumkuta anapakia.

"Shemeji, mwenzio amelala kule, wewe unakwenda kuuza samaki?"

"Siuzi. Ni vya watu."

"Na vioze!"

"Humu mna pia sindano za kisukari za mwalimu mstaafu, tunamletea pamoja na samaki wake; zikipata joto zinaharibika. Kule aliko ndugu yako kuna baridi ya kutosha, shemeji. Hapa haipo."

Kaka alishika ufunguo. Mke wa marehemu hakumvuta wala hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono tu, akasubiri, mpaka kaka akauachia.

Mjane alizunguka njia yote. Kila mlango aliulizwa, "Mwenyewe yuko wapi leo?" Akajibu, "Amefariki asubuhi. Lete sufuria." Watu walileta sufuria. Hawakujua jingine la kufanya. Mwalimu alipokea sindano zake, akaziweka kwenye jokofu, akavaa viatu, akapanda kwenye pikipiki kando yake bila kuambiwa. Wengine walifuata kwa miguu. Waliporudi, binti alimshika mama yake mikono, ilikuwa baridi kabisa, naye mama akasema haisikii baridi hiyo.

Kaka mkubwa alisimama mlangoni akawatazama wale watu wakiingia. Jioni, kwenye kikao cha familia, mtu alisema safari ile isiandikwe, ni aibu. Kaka akasema, "Iandikeni. Aibu ni yangu niliyeshika ufunguo. Yeye alikuwa anamzika mumewe kwa njia anayoijua."

Mpaka tunaandika haya, mjane hajalia. Amepokea wageni, ameosha vikombe, amelala kidogo. Tunawaomba msimwambie alie, na msimwambie asilie. Mkimkuta amekaa kimya, kaeni naye.

Marehemu ameacha mjane, binti na mwana, wajukuu watatu, kaka mkubwa na dada mdogo, shemeji na wakwe, na milango mingi aliyoigonga kwa miaka ishirini na minane.

Funika apumzike kwa amani, na aliyebaki apewe muda.