Latifa Hamissi Aaga Bunge la Brussels

Baada ya miaka kumi na mitano katika Bunge la Mkoa wa Brussels, Mheshimiwa Latifa Hamissi anastaafu mwishoni mwa Mei 2019. Ofisi imenipa mimi, Barnaba, msaidizi wake, kazi ya kuandika wasifu huu. Wangempa mtu asiyemwonea wivu, lakini hakuna anayemjua zaidi yangu.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaja hapa kama mkimbizi, akauza vitenge barabara ya Chaussée de Wavre. Mwaka 2004 chama kilituweka sote wawili kwenye orodha moja ya wagombea. Mimi nilikuwa na shahada ya siasa na hotuba nilizozikariri mbele ya kioo. Yeye aliongea na wateja huku akikunja vitambaa. Akaingia bungeni, mimi nikarudi kufundisha madarasa ya jioni.

Watu wa Anderlecht, mtaa mmoja wa hapa Brussels, wanamkumbuka kwa ajili ya lifti. Katika jengo moja la nyumba za umma, lifti iliharibika majira yote ya baridi na wazee wakakwama juu. Latifa akamwalika waziri aliyehusika kunywa chai kwa Maman Georgina, mmoja wa wazee hao, ghorofa ya kumi na moja, bila kumtajia habari ya lifti. Waziri alifika mlangoni akihema, hata salamu haitoki. Mafundi walikuja wiki ileile. Ilinikera, maana nilikuwa nimeandika makala chungu nzima kuhusu jengo hilo, na hakuna hata taa iliyobadilishwa.

Baadaye chama chetu kilitaka jengo hilo liuzwe kwa kampuni binafsi. Alipinga, peke yake upande wetu, na mpango ukakwama. Uchaguzi wa 2009 ulipofika wakamwadhibu: jina lake walilisukuma katikati ya orodha, mahali ambapo majina husahaulika, na nafasi yake ya juu wakanipa mimi. Niliipokea kwa furaha, nikashonesha na suti. Siku ya kura, watu wa Anderlecht walilitafuta jina lake kwenye kompyuta za kupigia kura mpaka wakalipata. Akashinda. Mimi nikaanguka.

Kesho yake alinipigia simu. "Bon, Barnaba, hiyo nguvu yote utaipeleka wapi? Lundi uje tufanye kazi."

Nilitaka kukataa. Jumatatu nilifika ofisini kabla yake.

Tangu hapo ninamwandikia hotuba. Husoma aya ya kwanza, akaweka karatasi chini, akaongea ya kwake, na hayo ndiyo hupigiwa makofi.

Mwaka huu hakuna aliyemtaka aondoke. Hata waliomwadhibu walimbembeleza abaki. Nilimuuliza kwa nini anakataa.

"Nimechoka vizuri," alisema. "Wajukuu wako Berchem, wananingoja."

Kiti chake nilikitamani miaka mingi. Sasa ninachomwonea wivu zaidi ni hiki: anaondoka watu wakiwa bado wanamtaka.

Asante, Maman Latifa, kwa kazi na kwa simu ile. Ukapumzike vizuri, mkiwa na afya wewe na wajukuu, na Berchem ikupokee kwa furaha.