Nduma ya Baba Mkwe

“Nduma si dawa, mama...” “Na nani amesema ni dawa? Nimesema ni chakula ya mtu ako na sukari.” Mzee Wabwile na Agneta walikuwa wanaongea pamoja, mimi katikati yao nimejifanya nimelala, maana kwa gari ya Bungoma ukifungua macho unaulizwa maoni.

Agneta alikuwa amepakata sufuria ya nduma, yaani magimbi, ya kuchemsha, anampelekea baba mkwe wake mgonjwa wa sukari. Wabwile, ambaye walijuana naye pale Kitale tu, pia ako na sukari. “Inashinda mkate, inakaa kwa tumbo,” akasema. “Lakini bado ni wanga, kama ugali. Kipande moja na mboga, sawa. Yeye anakula ngapi?”

“Anamaliza sufuria.”

“Na chai?”

“Ya sukari.”

Hapo hata mimi nilisahau kukoroma.

“Si umwambie apunguze,” Wabwile akasema polepole.

Gari ikasimama Kiminini. Agneta alishuka na sufuria yake, halafu akashika mlango. “Mzee Wabwile, mimi ni bibi ya mtoto wake. Nitampimiaje baba mkwe chakula? Shuka twende, umwambie wewe.”