Aliyegonga Meza kwa Kastabini

Mbunge wetu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na mitano ya utumishi: kumi akiwa diwani wa kata, kumi na mitano bungeni. Na aliyemfikisha huko ni mimi. Bila mimi angekuwa bado anapima watu viuno kwenye kibaraza cha duka lake.

Haya, si kweli. Nimeandika hivyo nione kama mnasoma au mnatafuta ukurasa unaosema chakula kitaandaliwa saa ngapi. Nilichofanya katika kampeni yake ya kwanza ni kumshikia ngazi. Kupanda alipanda mwenyewe, picha alibandika mwenyewe, na kura alitafuta mwenyewe.

Kamati ya sherehe imenipa kalamu mimi, tarishi mstaafu wa baraza la madiwani niliyeishia darasa la nne, kwa sababu waliosoma wote wanatafuta kazi kwa mbunge ajaye na wanaogopa kuonekana wanamsifu anayeondoka. Mimi sitafuti kazi. Enzi zangu kazi ndiyo iliyokuwa ikinitafuta, nami nikijificha stoo.

Kabla ya siasa alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilitazamana na ofisi za baraza, na aliyepita hapo hakukosa kusikia mawili: cherehani na vicheko. Wanawake walikuja kupima nguo, wakakaa kuipima serikali. Diwani wa zamani alipofariki, wakajitokeza wagombea wawili, ndugu wa baba mmoja waliokuwa hawasalimiani. Kila mmoja alimpa fundi kazi ya kushona fulana zake, na kila mmoja alimwuliza fundi ndugu yake kaandika nini mgongoni. Wateja wakachoka nao. Mmoja akamwambia fundi, sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye pindo la gauni lake, "Kwani wewe huna mdomo? Kachukue fomu!" Akachukua kama mzaha. Wale ndugu wawili waligawana kura za ukoo wao nusu kwa nusu, yeye akapata zilizobaki, na zilizobaki ndizo zilizokuwa nyingi. Siku hizi ndugu wale wanasalimiana. Hilo nalo tulihesabu katika maendeleo ya kata.

Kazi yake kubwa ya udiwani ilikuwa chumba cha kujifungulia kwenye zahanati yetu. Kabla ya hapo, mwanamke aliyeshikwa na uchungu alipelekwa hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto, kwa njia yenye mashimo ya kutosha kumzalisha kabla hajafika. Diwani alilisumbua baraza mpaka chumba kikajengwa. Mume wake, ambaye ni seremala, alitengeneza milango. Mkunga akaletwa, mama mmoja mwenye mikono laini na ulimi wa msasa, na hadi leo ukimwuliza mtu wa hapa kazaliwa wapi, anakuonyesha kwa kidole.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kisa.

Katika ukumbi wa baraza letu, kipaza sauti kilikufa kabla mimi sijaajiriwa. Kila mwaka kulikuwa na hoja ya kukitengeneza, na kila mwaka madiwani waligombania nani aanze kuizungumzia mpaka muda ukaisha. Basi ikawa desturi: anayetaka kusema agonge meza. Anayepinga anachosikia agonge kwa nguvu zaidi. Mwenyekiti wetu macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo aliwajua watu kwa mlio wa vidole vyao. Diwani wa kata ya sokoni aligonga kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mzee wa kata ya juu aligonga mara moja na kusahau. Diwani wetu yeye aligonga kwa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidole cha fundi, ambayo hakuivua hata siku ya kuapishwa: ko-ko, kisha kimya, kisha ko. Mwenyekiti alikuwa anasema, "Fundi, sema," bila kuinua kichwa.

Miaka kumi aligonga hivyo. Akagombea ubunge, akashinda, tukamsindikiza kwa shangwe, akaenda.

Bungeni mambo ni mengine. Anayetaka kusema husimama. Anayegonga meza ameshangilia. Wabunge wapya walifundishwa hayo katika semina, nami kwa kuwa nimeombwa niandike wasifu wa kweli, nitasema la kweli: semina ile alisinzia. Yeye na semina ni kama mtoto na gari linalotembea. Hata kamati za bunge amezilala nyingi, ila ana kipaji cha kuamka panapotajwa jimbo lake.

Wiki ile ile ya kwanza akasimama waziri mmoja na muswada wa kufunga zahanati ndogo, ili huduma zote zikusanywe kwenye hospitali kubwa. Akaanza kuzitaja, na ya kwanza ikawa yetu. Mbunge wetu akaamka, na mkono ukafanya ulichozoea. Ko-ko. Ko. Waziri akatabasamu. Mbunge wetu alipoona hapewi nafasi, akazidisha kugonga. Wenzake wakadhani mgeni ana furaha iliyomzidi, wakamsaidia. Bunge zima likagonga meza. Waziri akasema anamshukuru sana mheshimiwa mgeni, ambaye zahanati yake ndiyo ya kwanza kufungwa, kwa uungwana wake wa kutanguliza taifa.

Yote hayo yalikuwa yanarushwa redioni.

Sisi tulikuwa kwa kinyozi. Kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu, na mtu yule alitembea na nusu kichwa siku nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kummalizia. Mkunga alikuwa mlangoni. Akasema, "Amepiga meza? Apige na ngoma basi, tucheze." Mama mzazi wa mbunge, ambaye sote tunamwita Bibi, alizima redio kwa mkono wake, akatangaza mbele ya kadamnasi, "Yule si mwanangu. Nilibadilishiwa hospitalini. Na hospitali yenyewe ni hiyo hiyo ya ng'ambo."

Mbunge alirudi mwisho wa wiki kwa basi, peke yake. Akaeleza. Alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza kwamba alikuwa anapinga, kwamba kugonga kwake ni kukataa. Jamani, nani aamini hilo, na raia hakuna aliyewahi kuketi katika kikao cha baraza? Watu walimsikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mlevi aliyekupa kiti. Mume wake alimpenda, lakini naye alikuwa fundi wa mbao. Alisema, "Mke wangu, mimi meza nimezitengeneza maisha yangu yote, sijasikia hata moja ikisema hapana." Mkunga akaanza kufunga vitu vyake kwenye maboksi. Bibi akakataa kufungua mlango.

Kura ya mwisho ya muswada ule ilikuwa bado. Palikuwa na nafasi ya kusema neno, lakini mbunge alinikuta nje ya ukumbi wa baraza na kuniambia, "Kaka, naacha. Nikasimame kule niseme nini, na nyumbani kwangu mwenyewe hawaniamini? Narudi kwenye cherehani." Uso wake ulikuwa kama nguo iliyofumuliwa. Nilitaka kumtania, na nilikuwa na utani mzuri kabisa. Nikauweka akiba.

Mimi nilijua anasema kweli, maana ile meza ya baraza niliifuta kila asubuhi na mashimo ya kastabini yake nayajua. Lakini tarishi akisema anaaminiwa na nani? Nikaona badala ya kuwaambia watu, niwapeleke. Nikaenda kwa Bibi, nikamwambia kuna kikao cha baraza na wazee watapewa viti vya mbele. Uongo. Viti vya mbele hatukuwa navyo, vya nyuma vilikuwa benchi moja. Nikampitia na mkunga, aliyekuja kwa sharti kwamba nikimpotezea muda atanidunga sindano isiyo na dawa.

Hoja ya siku ile ilikuwa choo cha soko. Diwani wa kwanza kufungua mdomo tu, meza zikaanza. Wa sokoni akagonga, wa juu akagonga akasahau, wengine wakagonga kumpinga aliyegonga. Ilikuwa kama mvua ya nazi kwenye bati. Mkunga akaniuliza, "Hawa wanashangilia nini, choo?" Nikamwambia, "Hawashangilii, mama. Wanakataa." Akatazama tena. Akaweka mkono mdomoni, na nikaona mabega yameanza kutikisika.

Bibi hakucheka. Alikuwa ameinama mbele anasikiliza. Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akainua kidole na kugonga ubao wa benchi: ko-ko, kimya, ko. Mlio ule ule wa mwanawe, hata bila kastabini. Mwenyekiti, macho yake yale, akasema kwa furaha, "Aa, fundi umerudi! Sema."

Bibi akasimama, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa. "Mwenyekiti," akasema, "mimi si diwani. Nilikuja kumtafuta mwanangu. Nimempata." Akatoka.

Jioni ile alifungua mlango. Waliongea nini humo ndani siwezi kuwaambia, na si kwa sababu sikutega sikio. Dirisha lao ni zuri, seremala alilitengeneza vizuri mno. Ila mkunga alipita baadaye akamwambia mbunge maneno machache nje mbele yetu: "Mimi maboksi nimefungua. Sasa rudi ukawaambie hivyo hivyo ulivyotuambia, na usipambe. Na ukisimama, mikono mfukoni!"

Akarudi. Akasimama, mikono mfukoni. Alilieleza bunge zima desturi ya baraza letu, kipaza sauti kilichokufa, mwenyekiti anayesikia vidole, na namna alivyougonga mlango wa zahanati yake mwenyewe uliokuwa unafungwa. Walicheka, waziri mwenyewe akavua miwani kufuta macho. Walipochoka kucheka, akawaeleza ile njia ya ng'ambo ya mto na wanawake waliojifungulia njiani. Hakuna aliyecheka tena. Muswada ulipita, maana miswada huwa inapita. Lakini waliongeza kifungu: zahanati yenye chumba cha kujifungulia isifungwe mpaka barabara ya kuifikia hospitali kubwa iwe na lami.

Hapo ndipo mbunge wetu alipoingia katika historia. Wapinzani wake kila uchaguzi waliahidi lami. Yeye aliahidi vumbi. Alisimama jukwaani mweupe kama mwashi na kusema, "Ndugu zangu, nikichaguliwa tena mtaendelea kukohoa," na watu wakampigia makofi. Wageni walituona wendawazimu. Alichaguliwa mara mbili zaidi na vumbi lile, na kila mara alikwenda kuomba zahanati ipandishwe iwe kituo cha afya, ambacho sheria ile haikigusi. Walimnyima, akarudi. Walimzungusha, akazunguka nao. Mwaka jana wakampa, na kituo kikafunguliwa pamoja na chumba cha upasuaji. Wiki iliyofuata aliomba lami. Greda liko njiani sasa, na mume wake anasema kwa mara ya kwanza atapaka milango rangi ikauke ikiwa safi.

Si kwamba hana dosari. Nyavu za magoli ya uwanja wetu zilimchukua kipindi kizima, na zilipokuja vijana walioziomba walikuwa wana vitambi. Hotuba zake za mazishi zimewafanya wafiwa kumwonea wivu marehemu. Aliwahi kumshonea kifungo mbunge wa upande wa pili kikao kikiendelea, na wakamwandika gazetini kuwa anataka kuhama chama. Lakini hajawahi kutufungia mlango, na hatujawahi kwenda kwake tukaambiwa mheshimiwa amelala, ingawa mara nyingine alikuwa amelala kweli, mbele yetu.

Hakushindwa na mtu. Amesema mwenyewe miguu imeomba ruhusa naye ameikubalia. Kwa niaba ya ofisi ya jimbo, wafanyakazi wa kituo cha afya, na wote waliozaliwa ndani ya chumba kile, wakiwemo wajukuu zangu wote isipokuwa mmoja aliyekuwa na haraka: asante, dada yetu. Kalale sasa usingizi usio na ajenda. Mungu akupe afya, akupe wateja wanaojua vipimo vyao, na cherehani isiyokata uzi.

Jambo la mwisho ni letu sisi wawili, wengine mnaweza kwenda kula. Siku ile ya Bibi na benchi uliniambia, "Kaka, hili nitakulipa." Sijawahi kudai, ulikuwa na shughuli za taifa. Sasa huna. Jumatatu nina zamu ya kuonyesha magoti yangu hapo kituoni, na foleni siku hizi imekuwa ndefu, maana hata watu wa ng'ambo ya mto wanavuka kuja kwetu. Wewe unaamka mapema na mimi siamki. Nenda unishikie nafasi. Usipite mbele kwa uheshimiwa, panga kama sisi. Na ukisinzia, sinzia ukiwa umekaa upande wa mlangoni, ili nikija nikuone.