Bi Dahbia At Wali wa Kundi la Moto na Maji (1954–2024)

Marehemu Bi Dahbia alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapahapa kijijini Tala Umalu, mtoto wa mzee Belaid na Bi Djouher. Alikuwa na miaka minne baba yake alipouawa katika vita vya uhuru, na mama akawalea yeye na mdogo wake kwa kuchuma zeituni za watu.

Alisoma mjini Azazga hadi darasa la nane, akaajiriwa posta mwaka 1973 kama opereta wa simu. Enzi hizo kijiji kizima kilikuwa na laini moja. Wafanyabiashara waliopiga soga huku mgonjwa akingoja kuitiwa daktari, aliwakatia simu katikati ya neno. Wakamshtaki kwa mkuu wake. Alikiri, na kesho yake akakata tena.

Mwaka 1977 aliolewa na marehemu Arezki, fundi wa kinu cha zeituni, aliyetutangulia mwaka 2015. Arezki alipoulizwa anaishije na mwanamke mkali vile, alijibu kwamba nyumbani kwake hakuna maneno ya ziada, kwa hiyo analala vizuri.

Kiangazi cha 2019, moto ulipoteketeza mteremko wa mashariki, marehemu alifungua kundi la simu la kijiji, akaliita Moto na Maji. Ukiona moshi, andika. Bomba likikauka, andika. Kingine chochote alikifuta: maua ya asubuhi njema, mpira, hata mwaliko wa harusi ya mwanawe Yuba, ambaye alinuna mwezi mzima.

Mwaka 2021 mgombea mmoja wa halmashauri aliweka kundini picha yake amesimama mbele ya tangi jipya. Bi Dahbia akaifuta. Kijana huyo akaja hadi mlangoni.

"Mama Dahbia, ile si siasa. Ni tangi la maji."

"Lina maji?"

"Bado."

"Yakija, nitaandika mwenyewe."

Wazee wa baraza la kijiji walimwita, wakamtaka airudishe picha ili yaishe. Alikataa. Wakapiga marufuku mtu yeyote kumsalimu au kukanyaga kwake, iwe kwa furaha au kwa msiba, mpaka aombe radhi. Nusu ya kundi walijitoa. Alinunua mkate kwa watu waliogeuza nyuso ukutani. Yalimuuma, sisi wa nyumbani tulimsikia akilia jikoni. Radhi hakuomba.

Kiangazi kilichofuata Bi Ghenima, jirani aliyekuwa hamsalimu, aliandika: "Moshi nyuma ya zizi la Akli." Hapakuwa na porojo za kuufunika ujumbe ule. Watu wakauona, wakakimbia na ndoo, na mizeituni ya pale ingali imesimama. Waliojitoa walirudi mmoja mmoja. Aliwaingiza bila kuwakaribisha, maana neno "karibu" nalo si moto wala maji.

Figo zilimsumbua tangu 2023. Akiwa hospitalini Tizi Ouzou, mdogo wake Malha aliandika kundini kumtakia afueni. Marehemu akaufuta ujumbe, akamwambia, "Malha, unanijua."

Alifariki tarehe 9 Novemba 2024, alfajiri. Ameacha watoto wawili, Yuba na Tinhinan, wajukuu watano, na Malha. Kundi sasa linasimamiwa na Tinhinan. Wanaotarajia atalegeza watasubiri sana.

Marufuku ya baraza haijafutwa mpaka leo, kwa kuwa marehemu hakuomba radhi, wala sisi hatutaiomba kwa niaba yake. Kwa hiyo kila aliyekanyaga hapa kwake leo ameivunja, wakiwamo wazee wetu watatu wa baraza waliokaa mstari wa mbele. Tunawashukuru.

Mungu amlaze pema, na huko nako asimame palepale aliposimama duniani.