Bi Zoubeida na Ubao wa Nyimbo

Tarehe 30 Juni 1990 Bi Zoubeida anastaafu, baada ya kulitumikia kanisa letu dogo la wageni hapa Moroni kwa miaka kumi na mitatu. Alikuja kwetu mwaka 1977 kutoka Majunga, Madagaska, alikozaliwa, akiwa amenusurika mauaji ya Wakomoro kule. Ni Mwislamu, ukoo wake wa Mutsamudu, na ameingia kanisani mara nyingi kuliko Wakristo wengi ninaowajua.

Mbali na kufagia, alipanga namba za nyimbo ubaoni. Waumini wetu ni Wamalagasi, Wafaransa na sisi wachache wa Tanga. Kwa matangazo hatuelewani, basi sote hufuata ubao, hata mimi mpiga kinanda. Alizoea kunitania kwamba napiga kinanda kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Oktoba 1983 mamluki walimchukua mumewe Saïndou, kuli wa bandarini, kwa kusema hadharani kwamba nchi inatawaliwa na wazungu wenye bunduki. Haukupita muda, Bi Zoubeida akaambiwa amekufa. Maiti hakupewa, kaburi hakuonyeshwa. Saïndou hakuoshwa na ndugu zake wala hakuswaliwa. Kila asubuhi mjane alikwenda kwenye lango la kambi ya mamluki kuuliza alikozikwa, kisha akaja kufagia.

Novemba tuliadhimisha miaka mia tano tangu kuzaliwa kwa baba wa Matengenezo ya Kanisa. Mchungaji alichagua wimbo wa ushindi na, kwa aibu yetu, akawaalika maofisa wa mamluki, wakakaa mstari wa mbele. Bi Zoubeida akapanga namba ya wimbo wa maziko. Nikaupiga. Kanisa zima likasimama likaimba, na maofisa wakaimba pia, kofia mikononi.

Baada ya ibada ofisa mmoja akauliza ni nani aliyefariki. Bi Zoubeida akamjibu mwenyewe, kwa Kifaransa, kwamba ni Saïndou. Wimbo wa maziko wameshamwimbia, sasa wamwambie wamemzika wapi. Yule bwana akavaa kofia yake, akaondoka. Mchungaji alitaka kumfukuza mama wa watu kazi. Tukagoma kuimba mpaka akaghairi.

Mamluki waliondoka nchini Desemba iliyopita, bila kusema walimzika wapi. Bi Zoubeida anahamia Mutsamudu kwa dada yake, Nafissa. Tulitaka kumzawadia saa ya ukutani, akakataa. Ametuomba tusichoke kumuulizia Saïndou.

Ahsante sana, Bi Zoubeida. Ukaishi kwa amani kati ya ndugu zako. Tunakuombea uzee mwema, lakini kwanza tunakuombea kaburi la Saïndou.