Kitanda cha Mama yake Garnik

Benchi letu liko nje ya duka la mikate, Glendale, California, na hukai hapo dakika tano bila kupewa ushauri ambao hukuuomba. Jaji tunamwita Jaji kwa sababu zamani aliitwa mahakamani kusikiliza kesi siku tatu, na mpaka leo hajashuka kitini. Sonara alistaafu vito akabaki na mdomo. Alhamisi asubuhi Garnik alitukuta na kahawa yetu, fomu ya kodi mkononi, macho mekundu. Mtoto akirithi nyumba ya mzazi asihamie ndani ya mwaka tangu kifo, inathaminiwa upya kwa bei ya leo. Marehemu mama yake aliinunua ile yao ya kijani mwaka sabini na tisa, na kodi bado ni ya bei ile. Kodi ya bei ya leo Garnik haiwezi, itabidi auze.

— Wanataka tarehe niliyohamia, Garnik akasema. Na mwaka unatimia Jumanne.

— Si uhamie leo! Jaji akamjibu. Miguu umepewa ya nini?

— Dada yangu Siranush kaapa. Hakuna kulalia kitanda cha mama mpaka misa ya mwaka ipite.

— Misa lini?

— Jumapili. Si hii, ile inayofuata. Hii kanisani kuna harusi.

— Basi kasisi ajaze fomu, Sonara akasema.

— Nyamaza wewe! Jaji akafoka. Mimi nilipouza nyumba kubwa nikanunua ndogo, nilihama na kodi yangu ya zamani. Kwa umri wangu inaruhusiwa. Sheria naijua.

— Fomu alijaza binti yako, Sonara akamkata. Wewe ulikuwa unatafuta miwani.

— Garnik jan, mpenzi wetu, usimsikilize, Jaji akasema. Weka ndala zako mlangoni. Penye ndala za mtu pana mtu.

— Ndala tu? Sonara akadakia. Kila jioni nenda ukaange vitunguu. Afisa akisikia ile harufu, atabisha hodi ya nini?

— Halafu nikalale kwangu?

— Kwani harufu inalala?

Jaji akajipiga kofi gotini.

— Nimeipata! Krismasi yetu si Januari sita? Basi mwambie afisa mwaka wa Waarmenia unachelewa siku kumi na mbili. Misa inaingia humo na chenji inabaki.

Wakacheka, wakapongezana. Garnik hakucheka. Alitoa kalamu, akainamia fomu. Nilichukia kweli. Mtu anapoteza nyumba, wao wanampa kalenda.

Hapo akatokea Marisela, mwanamke kijana aliyenunua nyumba mtaani kwetu mwaka jana kwa bei ya leo, anayelipa kodi kutushinda benchi zima.

— Samahani wazee wangu. Bomba la ile nyumba ya kijani jirani yangu limepasuka, maji yanaingia kwangu. Nani anaishi mle?

Jaji akatazama kikombe chake. Sonara akaanza kukung'uta makombo ambayo hayakuwepo.

— Mama, Garnik akasema.

Kisha akasikia mwenyewe alichosema, akafunika uso kwa ile fomu. Marisela akaniangalia mimi. Nikainuka nikamshika Garnik mkono.

— Twende tukafunge maji. Tupitie kwangu, nina godoro la wageni, utalitandika sebuleni kwa mama yako, uhamie leo. Kitanda hutakigusa.

— Siranush ataniua.

— Sawa. Lakini atakuulia kwako.