Jecinta Akuam na Lori la Maziwa la Kinna

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, Dkt. Jecinta Akuam anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Uchumi wa Nyika kwa miaka thelathini na mitatu. Ofisi haijatulia tangu Jumatatu. Wanafunzi wake wa zamani wanawasili kutoka Moyale, Lodwar na hata Dodoma, na wapishi wamekataa katakata kutuambia wanaandaa nini.

Wengi mnamfahamu kwa utafiti wake kuhusu umaskini katika nchi zinazoendelea, na jinsi ukuaji wa uchumi unavyoweza kumfikia kila mtu. Wachache wanajua ulianzia wapi.

Alirudi Isiolo mwaka 1966 na shahada mpya ya uchumi, vita vya Shifta, vya waasi wa kaskazini dhidi ya serikali, vikiwa vimepamba moto, akaishi mtaa wa Kiwanjani kwa mama yake, Mturkana aliyehamia mjini zamani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima kama wilaya inaendelea. Mjini, jibu lilionekana wazi: jeshi lilikuwa linanunua kila kitu, maduka yalijaa, wastani wa mapato ulipanda. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeadimika, nacho ni maziwa. Hata wanajeshi walikunywa turungi, chai isiyo na maziwa.

Wafugaji walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya ulinzi, na hakuna aliyetoka bila kibali. Jecinta hakutaka kuandika habari zao bila kuwaona. Alipanda msafara wa jeshi hadi kijiji kimoja karibu na Kinna, akatapika njia nzima, jambo ambalo hulisimulia kwa fahari.

Alipofika, mama mmoja Mborana, Dokata, alimtazama juu hadi chini. Siku zile Mturkana hakupokelewa kwa urahisi kule.

"Wewe ni wa serikali?"

"Mimi ni wa kuuliza maswali, mama."

"Basi uliza kwa nini maziwa yanatuharibikia hapa, na hatuna hata pesa ya unga."

Mvua ilikuwa imenyesha, mifugo michache iliyobaki ilikuwa inakamuliwa vizuri, lakini mnunuzi alikuwa Isiolo na barabara ilikuwa imefungwa kwa wasio na kibali. Jecinta alirudi na pendekezo: wanawake wa kijiji wapewe vibali vya kuuza maziwa mjini. Mkuu wake, Bwana Rimberia, aliingiwa na hofu. Wakati huo, kuwatetea watu wale kulitosha mtu kuitwa mshirika wa shifta.

"Binti, wilaya imekua. Andika hivyo, tumalize."

"Imekua, mzee, lakini imewaacha watu nje. Nikiandika wastani peke yake, hakuna atakayejua kwamba wapo."

Rimberia alimwambia achague kati ya sentensi hiyo na kazi yake. Jecinta alichagua sentensi, akaenda nyumbani akilia. Kesho yake asubuhi Rimberia alibisha mlangoni kwa mama yake Jecinta. Alikuwa ameomba vibali kwa jina lake mwenyewe. "Wakitufukuza," alisema, "watatufukuza sote wawili."

Mfanyabiashara wa miraa kutoka Meru, Zachary Kaburu, alikuwa na lori lililopeleka unga Kinna na kurudi tupu. Alikubali kuwabeba akina mama. Safari ya kwanza ilikwama kwenye kizuizi nje ya mji. Koplo alitazama vibali, akatazama vibuyu, akaamuru lori ligeuze. Jecinta alishuka.

"Afande, watu wako wana turungi, hawa wana maziwa. Nani atafaidika tukigeuza?"

Dokata alikuwa ameshamimina kikombe. Alikunywa yeye kwanza, mbele ya wote, kisha akampa koplo. Koplo alikunywa, akakomba kikombe na kuinua kizuizi. Mjini walikuta watu wakiwasubiri barabarani.

Lori liliendelea hadi vita vilipokwisha. Akina mama wale walinunua unga, nguo na mbuzi wa kuanzia upya, na biashara yao ikasimama imara. Ripoti ya Jecinta ilitoka na sentensi yake yote, na hakuna aliyefukuzwa.

Kutokana na ripoti hiyo alipata udaktari wake, kisha akafanya utafiti Niger, Nepali na Bolivia. Katika mkutano mmoja Dakar alimwomba waziri aliyejivunia ukuaji wa nchi yake aeleze ulimfikia nani, akamsubiri kwa upole mpaka ukumbi mzima ukaanza kucheka, waziri akiwemo. Leo vijana aliowafundisha hawathubutu kumletea wastani mtupu. Kiborana chake, hata hivyo, hakijawahi kupona: kijijini Korbesa bado wanakumbuka alivyomwamkia chifu kwa maneno ya kumwamkia bibi harusi.

Sasa anajenga baraza pana nyumbani, na ametukaribisha sote, kwa sharti kwamba tusije na ripoti. Dkt. Akuam, asante kwa kutufundisha kazi hii na kutufanya tuipende. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na miaka iliyo mbele yako iwe mirefu na myema.